Baridi Yabisi: Uliza Kilichomo Chupani

Aliyelima wimbi na muhogo tangu utotoni hahitaji kuelezwa baridi yabisi ni nini. Katika vijiji vya Kocholia, karibu na mpaka wa Malaba, goti la mzee hukataa kukunjuka asubuhi. Ndipo hutafutwa mizizi ya kuchemsha, majani ya kukandia, au unga wa kusugua juu ya chale.

Dawa za miti si za kudharauliwa. Ukali wa pilipili umeingia hata hospitalini, katika malhamu ya kupaka goti linalouma.

Lakini, msomaji, tahadhari! Wembe mmoja wa chale kwa watu wawili huweza kuambukiza ukimwi na homa ya ini. Tena, dawa inayofuta maumivu kwa siku mbili ina siri. Mwaka 2022 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliipima Artri King, iliyouzwa kama dawa ya asili ya viungo, ikakuta dexamethasone na diclofenac zisizotajwa kwenye chupa. Hizo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kupandisha sukari. Dexamethasone iliyozoewa, ikiachwa ghafula, huweza hata kuua.

Gegedu la goti likishalika, hakuna mzizi wala sindano iliyothibitishwa kulirudisha. Mazoezi na kupunguza uzito husaidia. Hospitali ya Kocholia ipo: nenda na chupa yako mkononi, usimfiche daktari unachokunywa.