Miguu ya Mbele ya Hotirodi Itoke Gari Moja

Hotirodi ya Kimarekani ni gari la zamani, mara nyingi Ford la miaka ya 1920 au 1930, lililovuliwa vitu visivyo vya lazima, likashushwa chini na kupewa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani. Vijana wa California walikuwa wakiyaunda magari hayo kabla ya Vita Kuu ya Pili na kuyakimbiza kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuunda chama cha kusimamia mbio hizo. Mbio zenyewe zilikuwa za kunyoosha moja kwa moja kwenye ardhi tambarare, hakuna kona wala shimo. Leo gari hilohilo linakwenda dukani, linaingia barabara kuu na kusafiri mamia ya kilomita kwenda kwenye mikusanyiko ya wapenzi wake. Ndipo mwenye gari anapoanza kuwaza kung'oa ekseli ya mbele na kuweka sasipensheni huru, ile inayoacha kila gurudumu lipande na kushuka kivyake, pamoja na pawa steringi. Na kwa kuwa wengi hutengeneza kwa fedha za kudunduliza, swali linalofuata ni wapi pa kubana matumizi. Rai yangu ni kwamba mwenye mfuko mwembamba achukue miguu ya mbele yote, pamoja na usukani wake, kutoka gari moja la kuchinjwa. Akianza kuokoteza mkono wa sasipensheni kwenye gari hili, reki ya usukani kwenye lile na pampu kwenye jingine, atalipa zaidi, na huenda akalipia barabarani.

Kwanza tuone ekseli yenyewe ina kasoro gani. Kwenye Ford hizo ilikuwa chuma kimoja kilichovuka kutoka gurudumu hadi gurudumu, na juu yake springi moja ya mabamba iliyokingama gari. Henry Ford aliing'ang'ania kwa sababu ilikuwa imara, ya bei ndogo na yenye kustahimili njia za vumbi na matope za vijijini. Magari yake yalibaki na ekseli ya aina hiyo hadi matoleo ya 1948, ilhali General Motors na Chrysler walishaanza kuuza sasipensheni huru mwaka 1934. Sababu yao haikuwa kutaka ulaini wa safari tu. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kuingia General Motors, alipambana na ugonjwa wa magurudumu ya mbele kutetemeka kila springi zilipolainishwa. Kwenye ekseli nzima, tairi la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo linainama. Gurudumu linalozunguka kwa kasi likiinamishwa hujaribu kujikunja kuelekea upande, na likijikunja linainamisha tena ekseli. Mwendo huo ukishika kasi, usukani unamcheza dereva mikononi. Gurudumu likishikwa na mikono yake miwili, wa juu na wa chini, linapanda bila kuinama sana, na lile la upande wa pili halihisi kitu. Ford wenyewe walilikubali jambo hilo kwenye gari lao la 1949.

Waundaji wa hotirodi walijaribu miguu ya magari mengi, lakini iliyotawala ni ya Ford Mustang II, gari lililotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1978 na kuuzwa zaidi ya milioni moja. Wapenda Mustang wengi walilidharau kwa udogo wake. Udogo huohuo ndio uliolifanya liwe mali kwa watu wa hotirodi. Upana kati ya matairi ya Ford Model A, mojawapo ya Ford hizo za zamani, ni inchi 56, yaani kama sentimita 142, na wa Mustang II unakaribia sana kipimo hicho. Mikono yake ni mifupi, koili zake hazipandi juu sana, na badala ya boksi zito la usukani lina reki nyembamba inayolala mbele ya magurudumu, mbali na injini. Kilichofanya mchanganyiko huu ufae ni kwamba wahandisi wa Ford walikuwa wamekwisha kuulinganisha: urefu wa mikono, mahali pa reki na urefu wa tairodi, yaani fimbo inayotoka kwenye reki kwenda kulikunja gurudumu, vyote vilipigiwa hesabu pamoja.

Hesabu hiyo ndiyo roho ya jambo lote, kwa hiyo inafaa tuitazame kwa karibu. Gurudumu likipanda, ncha ya nje ya mkono wa juu inachora tao, ya mkono wa chini inachora tao jingine, na ncha ya tairodi inachora la tatu. Matao hayo yakikubaliana, gurudumu linapanda na kushuka huku likiangalia mbele. Yasipokubaliana, kila tuta linalikunja gurudumu lenyewe bila dereva kugusa kitu. Ili yakubaliane, mstari wa tairodi unapaswa kuelekea palepale inapokutana mistari ya mikono miwili ikirefushwa kuelekea ndani ya gari, na kiungo cha ndani cha tairodi kikae kwenye mstari unaounganisha viungo vya ndani vya mikono. Sasa mtu apanue kiunzi kinachoshika mikono hiyo kwa sentimita 5 ili kipate kuingia kwenye chasi yake, abakize reki ileile, kisha arefushe tairodi kwa kipande cha chuma. Macho hayataona kosa. Gari likisimama gereji linaonekana limenyooka. Barabara mbovu ndiyo itakayolifichua. Kupima ni rahisi na hakuna gharama: toa koili, funga ubao ulionyooka kwenye habu, pandisha gurudumu kwa jeki kidogo kidogo huku usukani ukiwa umefungwa, na kila hatua pima umbali kutoka ncha ya mbele na ya nyuma ya ubao hadi kwenye uzi ulionyooshwa sambamba na gari. Tofauti ya ncha hizo mbili ikibadilika, magurudumu yanajikunja yenyewe. Yapo makosa mabaya zaidi. Aliyehamisha reki kutoka mbele ya magurudumu kwenda nyuma bila kugeuza chochote atagundua kwamba akizungusha usukani kulia, gari linakwenda kushoto.

Mfano wa pili wa hasara ya kuchukua nusu uko kwenye mkono wa chini wa Mustang II. Kiwandani mkono huo ulishikwa ndani kwa bolti moja tu, na fimbo ndefu ya mshazari ikatoka kwenye ncha yake hadi kwenye bodi ili kupokea nguvu ya breki. Fimbo hiyo inawakera waundaji kwa sababu inahitaji mahali pa kushikia kwenye chasi na inaharibu sura ya gari. Wengine huiondoa na kuuacha mkono ule mwembamba peke yake, labda baada ya kuuchomelea kipande cha bomba. Fikiria kinachotokea dereva akikanyaga breki kwa nguvu: gurudumu linataka kubaki nyuma, gari linataka kwenda, na mzigo wote huo unakipinda kiungo kimoja ambacho hakikuundwa kuubeba. Anayetaka kuishi bila fimbo aweke mkono mpana wenye viungo viwili vilivyoachana, vikishikwa na kiunzi kilichoimarishwa. Hapo tena tunarudi kwenye mfumo uliokamilika.

Wapo watakaosema ekseli ya zamani ndiyo hotirodi yenyewe, na gari lisilo na bamba la kufunika matairi ya mbele hupoteza uzuri wake likionyesha mikono na koili za miaka ya 1970. Wana haki. Kwa gari la wazi la namna hiyo, ekseli iliyotengenezwa vizuri, yenye shokapu nzima na viungo visivyolegea, inaendesheka salama. Hata Land Cruiser za mfululizo wa 70 tunazozijua kwenye barabara zetu za vumbi bado zina ekseli nzima mbele, na hakuna anayezidharau. Ninachopinga ni kudhani kwamba sasipensheni huru iliyoungwaungwa ni bora kuliko ekseli nzima iliyo sahihi. Asiye na fedha ya kukamilisha kazi abaki na ekseli yake, aitengeneze vizuri, aendeshe gari.

Wengine husema miguu ya gari dogo haiwezi kubeba injini ya V8. Mustang II yenyewe ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,200, na kuanzia 1975 iliuzwa ikiwa na V8 ya lita 5; Model A ina takriban tani moja. Kwa gari la aina hiyo hofu haina msingi. Kwa pikapu nzito ni hoja ya kweli, na hapo gari la kuchinjwa liwe jingine. Waundaji wengi wa pikapu za Ford F-100 sasa wanatumia miguu ya Ford Crown Victoria ya 2003 hadi 2011, gari lililotumika sana na polisi na teksi za Marekani. Kiunzi chake ni cha alumini, kinafungwa kwa bolti, na kinatoka chote kwa pamoja kikiwa na mikono, breki, reki na pawa steringi. Ila upana wake kutoka habu hadi habu unakaribia sentimita 170, kwa hiyo usithubutu kukisukumiza chini ya Model A. Gari la kuchinjwa lichaguliwe kwa upana na uzito, bei ije baadaye.

Ipo pia hoja ya seti mpya ya dukani, kiunzi na mikono vikiwa ndani ya boksi moja. Sina ugomvi nayo: ikiwa kamili na imetoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ni mfumo mmoja uliopigiwa hesabu, na kwa asiye na mashine ya kukatia ni njia nzuri. Tatizo ni boksi la bei ya chini lisilo na reki wala habu, linalomwachia mnunuzi kazi ya kutafuta vilivyobaki. Hapo ndipo rahisi inapogeuka ghali.

Chasi nayo inadai chake. Mihimili ya Model A na ya Ford ya 1932 iko wazi upande mmoja, nayo hujipinda kirahisi. Lazima izibwe kwa bamba la chuma pale kiunzi kitakapokaa. Gari liwekwe kwanza kwenye kimo litakachoendeshwa nacho, likiwa limeinama mbele kadiri mwenyewe anavyotaka, ndipo kiunzi kisawazishwe. Akikichomelea chasi ikiwa tambarare na baadaye akashusha pua, pembe ya kasta, inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona, itapungua. Kuchomelea kwenyewe kuanze kwa nukta nukta, huku mishazari ikipimwa kila mara, maana chuma kikipata moto huvuta.

Pawa steringi nimeiweka mwisho kwa makusudi. Usukani mzito mara nyingi ni dalili ya kosa: rimu pana zilizosogea nje mno, viungo vinavyobana, kasta iliyozidi. Ukifunga pampu juu ya kosa, uzito unaondoka na kosa linabaki, sasa likiwa limefichwa. Lakini gari likiwa sahihi, msaada huo ni halali kabisa, hasa kwa wazee ambao ndio wenye hotirodi nyingi na kwa matairi mapana ya siku hizi. Hapa nako mchanganyiko una adhabu yake. Pampu za Saginaw za General Motors mara nyingi husukuma mafuta kupita mahitaji ya reki ya Mustang II, na matokeo yake ni usukani mwepesi mno, unaorukaruka kwenye mwendo mkali. Vali ya pampu inabidi irekebishwe. Shafti ya usukani ikiwa na viungo vitatu vya msalaba, lazima ishikwe katikati na beringi, la sivyo inacheza. Kwa mwenye fedha kidogo na nafasi ndogo ya injini, mota ya umeme ya kwenye shina la usukani inavutia zaidi. Waundaji wa Uingereza wanaipenda ya Vauxhall Corsa kwa sababu hata ikikosa taarifa kutoka kwenye kompyuta ya gari huendelea kutoa msaada wa kiasi, na mota za namna hiyo zimo pia ndani ya Toyota Vitz zilizojaa mijini kwetu. Mota hiyo haihitaji pampu, mkanda wala mipira ya mafuta. Inahitaji waya mnene, fyuzi yake, na kushikwa imara ili isijizungushe yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, lala chini ya gari linalochinjwa na futi yako. Pima habu hadi habu, pima kiungo hadi kiungo, andika kila kipimo, piga picha za kila bolti ikiwa bado mahali pake. Muuzaji akikuambia reki imeshauzwa lakini ipo nyingine inayofanana nayo, usinunue.