Kovu la Uganda Lisifutwe kwa Maneno

Siku hizi yamezuka maneno ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Husemwa vijiweni na ndani ya mabasi, na husemwa zaidi na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mambo hayo yalipotokea. Husemwa kwamba Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu tarehe 25 Januari, 1971, mpaka Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili, 1979, hakuwa mbaya kama wazee wasemavyo. Ati aliwapa Waafrika maduka, ati aliwatia Wazungu adabu, na ati habari za mauaji zilitungwa na magazeti ya Ulaya.

Sisi hatutaki kumkemea kijana kwa kuwa hajui, maana kutojua si dhambi. Lakini yatupasa tumjibu, na tumjibu kwa mambo yaliyotendeka, si kwa matusi.

Tuanze na ahadi. Amin alipompindua Milton Obote, ambaye alikuwa amekwenda Singapore kwa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola, askari mmoja alisoma redioni sababu 18 za mapinduzi hayo. Wananchi waliambiwa kwamba askari watatawala kwa muda tu, kisha uchaguzi utafanywa. Wafungwa wa siasa wakafunguliwa, na watu wa Kampala wakatoka barabarani wakishangilia. Hatuwacheki watu wale, kwa sababu walikuwa na malalamiko yao ya haki. Twakumbusha tu kwamba Uingereza, ambayo leo husemwa ilimsingizia Amin, ilikuwa miongoni mwa serikali za kwanza kabisa kumtambua. Na uchaguzi ule ulioahidiwa haukufanywa hata mara moja katika miaka minane.

Mwaka ule ule wa 1971 ilitolewa amri iliyowapa askari uwezo wa kuwakamata raia. Kikaundwa chombo kilichopewa jina la kiungwana, Idara ya Utafiti ya Serikali, chenye makao yake mlimani Nakasero. Utafiti wake ulikuwa kumtia mtu ndani ya buti la gari mchana kweupe, na mkewe asijue tena habari zake. Kadhalika Naguru, kwenye kikosi cha polisi kilichoitwa cha usalama wa umma, na Makindye, kwenye gereza la jeshi, watu waliingia ambao hawakutoka.

Wala hawakuwa wanyonge peke yao. Benedicto Kiwanuka alikuwa Jaji Mkuu, na Amin mwenyewe ndiye aliyemtoa kifungoni na kumpa cheo hicho. Tarehe 21 Septemba, 1972, alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu, mahali penyewe pa sheria, na hakuonekana tena. Baada ya wiki chache akapotea Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Tarehe 16 Februari, 1977, wakauawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Twauliza: ikiwa jaji na askofu hawakuwa na pa kukimbilia, mpagazi wa sokoni na mfanyakazi wa kiwandani wangekimbilia wapi?

Na yule asemaye kwamba hayo ni maneno ya Wazungu, tunamwita shahidi asiyeweza kumkataa. Katika mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza habari za watu waliopotea. Tume hiyo iliwasikiliza mashahidi 545 na kuandika habari za watu 308 waliotoweka, nayo ikavitaja vyombo vya serikali kuwa ndivyo vyenye lawama kubwa. Tume ya mtawala ilimsomea mtawala makosa ya watu wake, naye hakuitangaza taarifa hiyo kwa wananchi. Je, hapo pana gazeti gani la Ulaya?

Wengine hushikilia hesabu. Jumuiya ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kwamba waliouawa hawakupungua 80,000, na kwamba yaelekea walifika 300,000. Basi wabishi husema kwamba hesabu zinazotofautiana namna hiyo ni uongo. La! Hesabu hutofautiana kwa sababu maiti zilifichwa, zikatupwa mitoni na misituni, wala hapakuwa na daftari. Aliyeificha maiti asipewe faida ya kuificha.

Sasa tuje kwenye maduka. Katika Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke, na watu zaidi ya 50,000 wakaiacha nchi. Mwalimu Nyerere aliilaani amri hiyo waziwazi kuwa ni ubaguzi wa rangi. Na maduka yenyewe alipewa nani? Hakupewa kabwela. Walipewa maofisa wa jeshi na rafiki zao, ambao Waganda waliwaita "mafuta mingi". Bidhaa zilipokwisha rafuni hapakuwa na wa kuleta nyingine. Sukari, ambayo nchi ile iliitengeneza yenyewe Kakira na Lugazi, ikawa adimu kama dhahabu, na magendo yakawa ndiyo biashara. Mfanyakazi aliyeshangilia kufukuzwa kwa mwenye duka alijikuta hana duka, hana sukari, na mshahara wake haununui kitu.

Liko jambo jingine linalotuuma sisi tusemao Kiswahili. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973. Hilo lingekuwa jambo la kushukuru, lakini lugha hiyo ndiyo waliyoisema askari walipogonga mlango usiku. Mpaka leo wako wazee huko ambao wakisikia Kiswahili huikumbuka bunduki kwanza. Basi udhalimu hautii doa watu tu. Hutia doa hata maneno.

Katika mwaka 2019 picha za wapiga picha wa serikali ya wakati ule zilionyeshwa katika makumbusho ya Kampala, zilizochaguliwa kutoka hazina ya picha zipatazo 70,000. Humo mna magwaride, mikutano na ngoma. Mateso ya Nakasero hayamo, maana hakuna mpiga picha aliyetumwa huko. Waliozitayarisha walijua hatari hiyo, wakawakumbuka na waliouawa. Sisi nasi tukumbuke: picha huonyesha kile ambacho mwenye amri alitaka kionekane.

Watanzania hatuhitaji picha. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakateka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua raia, yakabaka wanawake, yakaswaga ng'ombe, kisha daraja la Kyaka likavunjwa. Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni yake. Vijana wetu walikwenda, na wengi hawakurudi. Makaburi yao yako Kaboya, wilayani Muleba. Asemaye kwamba Amin alisingiziwa na aende akayasomee maneno yake makaburi hayo.

Lakini haki yatudai nasi tuwe wakweli. Si kila lililosemwa juu ya Amin ni kweli. Yako masimulizi ya kumfanya mnyama asiye binadamu, yaliyoandikwa ili kuidharau Afrika yote. Tuyakatae hayo pia, kwa sababu uongo mmoja humpa mbishi sababu ya kuyakana maovu mia ya kweli. Tena, dhuluma ya Uganda haikuanza na Amin wala haikuisha naye. Obote, tuliyempa hifadhi hapa kwetu, alirudi madarakani mwaka 1980, na chini yake wananchi wa Luwero waliangamia kwa maelfu. Tume iliyoundwa Uganda mwaka 1986 ilichunguza yote, tangu uhuru wa 1962 mpaka Januari 1986, bila kuchagua dhuluma ya rafiki na dhuluma ya adui. Huo ndio mfano wa kufuata. Anayekumbuka makosa ya adui yake tu hakumbuki; anateta.

Amin alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti, 2003, kitandani, bila ya kusimama mbele ya hakimu. Hukumu ya mahakama imewapita waliouawa. Iliyobaki ni hukumu ya kumbukumbu, na hiyo iko mikononi mwetu. Waganda wameifanya tarehe 16 Februari kuwa sikukuu ya kumkumbuka Askofu Luwum. Nasi kila mmoja ana kazi. Wewe mwenye babu aliyekuwa vitani, mwulize leo na uandike. Wewe mama uliyekimbia Kyaka na mtoto mgongoni, wasimulie wajukuu. Nawe mwalimu, usiliruke somo hilo kwa kuwa ni chungu.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi twaongeza: wala usimwambie kwamba hakuumizwa.