Mshale Uliosema Uongo

Lori la ukoo wetu lilikufa injini mlimani, baada ya kupita Salgaa na kabla ya kufika Mau Summit, alasiri moja ya mwezi wa Shaabani. Lilikuwa limepakia mchele kutoka Mombasa kwenda Eldoret. Kijana wetu aliyekuwa akiliendesha, mtoto wa ndugu yetu, alipiga simu na kusema maneno machache tu: "Ami, injini imekaza." Nyumba tatu hula kutokana na lori lile. Tulimwuliza kwa ukali iwapo hakuiona geji ya joto, naye akaapa kuwa mshale ulikuwa katikati mpaka dakika ya mwisho. Hatukumsadiki.

Ukweli tuliupata Nakuru, injini ilipofunguliwa. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yakamwagika. Kipimo cha joto kilichotoka kiwandani hukaa ndani ya maji. Maji yakishatoka, hubaki kikipima mvuke na hewa, na mshale waweza kutulia au hata kushuka wakati chuma kinaungua. Zaidi ya hayo, geji nyingi za kiwandani zimetengenezwa zisimtie dereva wasiwasi: mshale husimama katikati hata joto lipande na kushuka kwa nyuzi kadhaa. Ama oili, lori letu lilikuwa na taa tu, nayo huwaka shinikizo likiwa limekwisha kuondoka. Kijana alikuwa amesema kweli, na sisi tulikuwa tumemdhulumu kwa ndimi zetu.

Wenzetu wenye magari yanayopanda bara wanaijua safari ile. Lori huondoka usawa wa bahari, likafika Nakuru kwenye mita 1,850 hivi, kisha likapanda tena hadi kupita mita 2,500 pale Mau Summit. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 kwetu pwani huchemka kwa nyuzi 94 hivi Nakuru, na karibu 92 kule juu. Kinachoyazuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta unaoyabana kwa shinikizo. Mfuniko wenye mpira uliochakaa hauna faida, na ni nani kati yetu aliyepata kuukagua?

Tuliazimia kutia geji zetu wenyewe kabla ya injini kuwashwa upya. Lori lilikuwa limeegeshwa uani kwa shemeji yetu, mtaa wa Bondeni, na kazi ile ilituchukua siku mbili. Siku ya kwanza ilipotea bure, maana tulinunua geji ya volti 12 ilhali lori lina betri mbili zinazotoa volti 24. Tulipoiunganisha ilitoa moshi, watoto wa shemeji wakacheka, nasi tukarudi dukani.

Geji ya joto tuliyochagua haipimi maji bali chuma. Kihisio chake ni pete ndogo inayobanwa chini ya bolti iliyo karibu na kichwa cha injini. Tulitumia bolti ya kifuniko cha themostati, wala hatukuzigusa bolti zinazokikaza kichwa chenyewe, kwa kuwa hizo zina mkazo wake maalumu na si za kuchezewa. Geji ya oili tuliinunua ya umeme. Zipo za bei nafuu ambazo huleta oili yenyewe hadi ndani ya kabini kwa kijibomba chembamba; kikipasuka, oili ya moto humrukia dereva miguuni. Hizo tuliziacha.

Hapo kwenye oili ndipo fundi mmoja mzee alipotuokoa. Tundu la injini ya Kijapani lina meno 28 kwa inchi, na kihisio tulichonunua kilikuwa cha Kimarekani, chenye meno 27. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kingeingia mizunguko miwili mitatu, kisha kingeharibu tundu au kuvuja njiani. Akatuchongea kiungo cha katikati. Akatuonya pia tusizungushe utepe mwingi wa kuzuia kuvuja, kwani kihisio chenye waya mmoja hutegemea meno yake yaguse chuma ili umeme upate njia ya kurudi.

Kazi ya waya ilikuwa nyepesi. Tuliondoa kwanza waya hasi wa betri, tukachukua umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa tu, tukaweka fyuzi karibu na chanzo, na pale waya zinapopenya ukuta wa injini tukazivalisha mpira zisikatwe na bati. Dashibodi hatukuitoboa. Tulimketisha kijana kitini, tukamwambia atazame barabara, kisha tukazifunga geji pale jicho lake lilipoangukia bila kugeuza shingo.

Geji ya upepo wa breki nayo ilikuwa imekufa miaka mingi. Hiyo hatukuithubutu, tulimpa fundi wa breki. Mteremko wa kurudi kutoka Mau Summit unapita Sachangwan, ambako tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lililoanguka liliwaka na kuua watu zaidi ya 100. Mwenyezi Mungu awarehemu. Katika mteremko kama ule hakuna nafasi ya mtu kujifunza.

Safari ya kwanza tulipanda naye. Chuma kilisoma nyuzi 88 tambarare na 96 mlimani. Oili baa 4 ikivuta mzigo, baa moja na nusu ikipumzika. Kwenye kila kioo tulibandika kijitepe chekundu mahali ambapo mshale haukupaswa kupita.

Mwezi wa Shawwal simu ililia tena. "Ami, mshale umepita utepe. Nimesimama Kibunja, injini nimeizima." Ulikuwa mkanda wa feni uliolegea. Aliukaza, akangoja injini ipoe, akashusha mchele Eldoret baada ya Isha. Na kabla hajakata simu, tulimwomba radhi kwa yale ya Shaabani.