Mnyama wa Rusinga Asiyekuwa na Mkia

Mwanao akikuuliza tofauti kati ya tumbili na sokwe, ndugu msomaji, usihangaike na vitabu. Mwambie atazame nyuma. Tumbili, kima, mbega na nyani wote wana mikia. Sokwe hana, gorila hana, na wewe unayesoma ukurasa huu ukipapasa mwisho wa uti wako wa mgongo utakuta kifandugu tu. Je, mkia ulikwenda wapi, na lini? Sehemu ya jibu ilichimbuliwa papa hapa Kenya, katika kisiwa cha Rusinga.

Wengi wetu twakijua kisiwa hicho kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya. Kumbe ardhi yake ina makaburi ya kale mno. Miaka milioni 18 hivi iliyopita, Ziwa Victoria lenyewe likiwa bado halipo, volkano ya Kisingiri ilitapika majivu katika eneo hilo. Majivu yakafunika miti, wanyama, wadudu na hata matunda, kisha yakagandamana kuwa mawe. Vilivyofunikwa vikawa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe.

Tarehe 2 Oktoba 1948, Louis Leakey alikuwa kisiwani humo akishughulika na mabaki ya mamba wa kale. Mkewe, Mary, hakuwa na hamu na mamba. Alikwenda zake kando, na kwenye mteremko akaona jino. Jino lilifuatwa na taya, na taya likafuatwa na uso. Vipande vilipounganishwa, likapatikana fuvu la kwanza lenye uso karibu kamili la jamaa huyu wa kale wa masokwe.

Mnyama mwenyewe alikuwa amekwisha kupewa jina. Mwaka 1933 Mwingereza Arthur Tindell Hopwood, akitumia mabaki kutoka Koru, alimwita Proconsul. Usidhani alikuwa akiwaza vyeo vya Warumi. Consul ni jina walilopewa masokwe wa maonyesho huko Ulaya, waliovishwa suti na kufundishwa kuvuta sigara ili watu wacheke. Proconsul, basi, ni aliyemtangulia Consul. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye dai ndani yake: kwamba huyu ni babu wa sokwe wa leo.

Dai hilo halikudumu, na kilicholiangusha ni kiwiliwili. Mwaka 1951 Tom Whitworth alipata Rusinga mifupa mingi ya mnyama mmoja, mahali palipodhaniwa kuwa shimo lililochimbwa na maji. Baadaye Alan Walker na wenzake walitambua kwamba lile lilikuwa shina la mti lenye uwazi, lililojaa udongo na mifupa. Kubwa zaidi ni kwamba mwaka 1980 vipande vingine vya mnyama huyohuyo vilipatikana katika droo za makavazi jijini Nairobi, vikiwa vimechanganywa na mifupa ya wanyama wengine. Karibu miaka 30 vilikaa humo bila mtu kujua.

Sasa mwili ukaonekana. Mikono na miguu ilikaribiana kwa urefu. Huyu alitembea juu ya matawi kwa miguu minne, taratibu, wala hakuning'inia kwa mikono kama masokwe wafanyavyo. Aina ndogo ilikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Ile kubwa ilifikia kilo 30 na zaidi. Chakula chao kilikuwa hasa matunda.

Kiwiliwili cha kima, basi, lakini mkia hapana. Jambo hili lilizua ubishi. Mwaka 1991 Carol Ward, Walker na Mark Teaford walieleza kwamba hakuwa na mkia, na mwaka 2004 Masato Nakatsukasa wa Japani na wenzake wakachunguza mfupa wa mwisho wa nyonga wakafikia uamuzi uleule. Kwa hiyo mkia uliondoka kwanza. Kuning'inia kulikuja baadaye. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kipande kidogo kilichojipachika katika jeni iitwayo TBXT, ambacho sisi na masokwe tunacho na kima hawana, yamkini ndicho kilichochangia kuuondoa.

Je, huyu ndiye babu yetu? Tusiharakishe. Ukoo wetu na wa sokwe ulitengana miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita, na mnyama wa Rusinga aliishi zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya hapo. Hawezi kuwa babu wa sokwe peke yake, wala wetu peke yetu. Wataalamu wengi humweka karibu na shina la ukoo mzima, kabla giboni hajajitenga. Mchukulie kama ndugu wa babu mkuu: ni wa ukoo wetu, japo huenda hakumzaa yeyote aliye hai leo.

Fuvu nalo lilikuwa na safari zake. Mwaka uleule wa 1948 Mary alilipeleka Uingereza kwa ndege, nalo likakaa London miaka mingi. Kenya ilishikilia kwamba liliazimwa tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 likarejeshwa Nairobi.

Jina pia limebadilika. Mwaka 1993 aina ndogo ya Rusinga iliitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2015 watafiti waliona wanyama wa Rusinga wanatofautiana mno na wale wa Koru na Songhor. Proconsul wakawaachia hao, na wa kisiwani wakaitwa Ekembo, neno la Kisuba la wanyama wa jamii ya kima na sokwe. Lile fuvu la mteremkoni leo linaandikwa Ekembo heseloni.