Silabi ki- na Maana ya Msamiati wa Sayansi na Mazingira: Mfano wa Busisi

Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981), maneno kiboko, kichocho, kimelea, kina, kisiwa na kivuko yamepangwa chini ya herufi moja. Yote yanahitajika Busisi, wilayani Sengerema, ambako maisha hutegemea Ziwa Victoria. Makala haya yanachunguza iwapo silabi ki- inayoyaanzisha huchangia maana, na yanadai kuwa mchango wake hutofautiana kulingana na asili ya neno.

Kundi la kwanza ni la maneno ya unyambulishaji. Kivuko hutokana na kitenzi vuka. Ndiyo maana Johnson (1939) alikiorodhesha chini ya kitenzi hicho. Neno hilo hutaja mahali pa kuvukia na pia chombo kinachovusha, na Busisi ilizitumia maana zote mbili kwa miaka mingi kabla ya daraja la kutoka Kigongo kufunguliwa mwaka 2025. Vivyo hivyo, kimelea hutokana na melea, yaani kuota juu ya kingine, na kisukari hutokana na sukari. Hapa ki- ni mofimu, na mzizi wa neno unaonekana bayana.

Kundi la pili hudhihirisha hatari ya kukisia. Katika kijito, ki- hudokeza udogo. Mwanafunzi akiifanya maana hiyo kuwa kanuni, atapotoka: kiboko ni miongoni mwa wanyama wakubwa kabisa, na Ukerewe, kilicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya ziwa hilo, bado ni kisiwa. Katika maneno haya, silabi hubainisha ngeli, si ukubwa.

Kundi la tatu ni la maneno ya mkopo. Kiberiti, jina la zamani la salfa, limetokana na Kiarabu, ambako silabi ya kwanza ni sehemu ya neno lenyewe. Wasemaji waliichukulia kuwa kiambishi, wakapata wingi viberiti. Virusi ilipita njia hiyohiyo kinyumenyume: vi- ilidhaniwa kuwa ya wingi, ukazaliwa umoja kirusi. Hata hivyo, vitamini haikuzaa *kitamini. Yamkini sababu ni kwamba virusi hufikirika kimoja kimoja, kama vijidudu na vimelea, ilhali vitamini hufikirika kama dutu. Kwa hiyo mfanano wa sauti peke yake hautoshi; sharti maana nayo iafiki.

Upatanisho wa kisarufi huongeza utata. Husemwa kiboko ameibuka, lakini kimelea kimeingia mwilini. Kibiolojia, kimelea kinachosababisha kichocho ni mnyama kama kiboko alivyo: ni mnyoo unaokua ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Sarufi humhesabu kiboko miongoni mwa viumbe hai na kumwacha mnyoo huyu miongoni mwa vitu. Kwa mtoto anayeoga au kuchota maji ufukweni, uhai wa kimelea hicho ndio maarifa anayoyahitaji zaidi.

Kwa hiyo, kamusi za istilahi zinapaswa kuonyesha mzizi kando ya kidahizo, na mwalimu wa sayansi atenganishe mambo matatu: ngeli ya neno, asili yake, na hali halisi ya kinachotajwa.