Msaada Ukiisha, Kinabaki Nini?



Wapendwa wanakamati wa sharika na wafadhili wetu, mara nyingi tunaulizwa kama misaada ya nje inapunguza umaskini. Miradi miwili ya mkoa wetu wa Shinyanga inatusaidia kujibu.

Kati ya mwaka 1974 na 1978 Uholanzi iligharimia mamia ya visima vifupi vya pampu za mkono. Akina mama wengi walipata maji karibu na nyumbani. Lakini pampu huchakaa. Kijiji kisipokuwa na fundi, vipuri wala mfuko wa maji, kisima kizima hulala kwa sababu ya kifaa kidogo, na mama hurudi kufukua mchanga wa mto.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliopata ufadhili wa Norway. Miti ilikuwa imefyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwanzoni mradi ulisisitiza miche ya vitaluni. Mafanikio makubwa yalikuja ulipoimarisha ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Wananchi walipitisha sheria katika dagashida, mkutano wao wa jadi, na sungusungu wakalinda. Hekta zipatazo 600 za mwaka 1986 zikawa zaidi ya 300,000. Kaya zilipata kuni, nguzo, dawa na malisho. Mradi ulifungwa mwaka 2004, lakini wananchi wameendelea kutunza ngitili, kwa sababu ni zao.

Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Tumeona kwamba msaada unaweza kukatika ghafla. Kwa hiyo, kabla ya kuandika andiko la mradi, kila kamati ijiulize:

1. Kikiharibika, nani atatengeneza?
2. Fedha za matengenezo zitatoka wapi?
3. Tunayo desturi yetu inayoweza kuimarishwa?

Nanyi wafadhili, tunawaomba mkubali bajeti yenye mafunzo ya mafundi na vipuri, ingawa havipendezi kwenye picha kama kisima kipya.

Luka 14:28 inatukumbusha kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Tuhesabu pia gharama ya kutunza.