Kuongeza Nguvu za Msumeno wa Moto: Kinachopatikana, na Anayelipa Injini Ikifa

Katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wilayani Mufindi, na katika vijiji vingi ambako misonobari na mikaratusi huangushwa na kupasuliwa mbao, msumeno wa mnyororo ndio unaoilisha familia. Visiwani huitwa msumeno wa moto. Bara wengi husema chenso. Ni mashine ya kubebwa mikononi, lakini bei yake ni akiba ya muda mrefu, na akiba hiyo aghalabu si ya mtu mmoja: baba ameweka chake, mama ametoa fungu lake la kikundi, na ndugu aliye mjini ametia mkono. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya kulileta katika kurasa za familia jambo ambalo kwa kawaida huishia kwenye benchi la fundi, nalo ni kuifungua injini ya msumeno na kuibadilisha ili ukate upesi kuliko ulivyotoka kiwandani.

Jambo hili si hadithi ya vijiweni. Mafundi wa Marekani na Ulaya wamelifanya kwa miaka mingi, na katika mashindano ya kukata magogo huko kuna misumeno yenye injini zilizojengwa kwa ajili ya mchezo huo tu. Lakini msumeno wa mashindano hukata vipande vitatu vya gogo kwa sekunde chache, kisha ukazimwa. Wa kwetu huwashwa asubuhi na hupumzika adhuhuri kwa ajili ya swala na chakula, kisha huwashwa tena. Atakayeiga cha kwanza kwa ajili ya cha pili ajue tofauti hiyo kabla hajagusa bisibisi.

Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, jamaa ya injini za pikipiki za zamani na za boti nyingi za wavuvi. Haina vali. Kuta za silinda zimetobolewa matundu: moja la kuingizia petroli na hewa, mengine ya kupandishia mchanganyiko huo juu, na moja la kutolea moshi. Pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga, yaani yenyewe ni mlango na bawabu kwa pamoja. Wala haina tangi la oili ya injini. Oili huchanganywa ndani ya petroli, mililita 20 kwa kila lita kwa misumeno mingi ya leo inayotumia oili nzuri, na 40 kwa baadhi ya ile ya zamani. Hapa pana siri ambayo wengi huipita bila kuitazama: petroli ikipungua ndani ya silinda, oili nayo imepungua. Injini hunyimwa chakula na mafuta ya kujipaka kwa wakati mmoja.

Badiliko linalofanywa zaidi ni la ekzosi. Kiwanda huifanya nyembamba ili kupunguza kelele, na mara nyingi huweka wavu wa chuma wa kuzuia cheche. Fundi huipanua au huongeza tundu la pili, moshi ukatoka kwa wepesi, na ni kweli kwamba nguvu huongezeka. Ila injini inayopumua zaidi inahitaji petroli zaidi. Hapo ndipo parafujo ya kabureta yenye herufi H hupaswa kufunguliwa kidogo, kinyume cha mwendo wa saa. Ikiachwa ilivyokuwa, mchanganyiko huwa mwepesi, joto hupanda, na pistoni huchubuka upande ule ule wa tundu la moshi mpaka ikang'ang'ania ukutani. Mafundi husema injini imenoki.

Hatari yake ni kwamba injini ya namna hiyo hudanganya. Kabla haijafa hulia kwa sauti kali, nyembamba na ya haraka, na mwenyewe hufurahi akidhani amepata alichokitaka. Injini iliyopimwa sawa hufanya kinyume chake: ukiipa resi yote ikiwa haikati kitu, huguguna kama mtu mwenye maji mdomoni; ikiingia ndani ya gogo sauti husafika. Fundi asiyeijua sauti hiyo asikabidhiwe kabureta. Baadhi ya misumeno mipya ina kifaa cha elektroniki kinachojipimia mafuta chenyewe, na mingine imevishwa vifuniko vya plastiki vinavyoizuia parafujo isizunguke kupita kiasi. Hiyo ni mashine ya kuachiwa fundi anayeifahamu hasa. Na ule wavu wa cheche, ambao wengi huutupa kwa kuwa hujaa masizi, husafishwa kwa brashi ya waya na kurudishwa. Sakafu ya msitu wa misonobari wakati wa kiangazi ni zulia la majani makavu.

Wengine huiondoa gasketi iliyo chini ya silinda ili mgandamizo uwe mkubwa. Kazi hii inataka kipimo. Kipande cha waya laini wa kulehemu hupitishwa kwenye tundu la plagi, injini huzungushwa polepole kwa mkono, na unene wa waya uliobanwa ndio nafasi iliyobaki kati ya pistoni na dari ya silinda. Ikiwa chini ya nusu milimita, injini inayozunguka mara 12,000 kwa dakika itakuja kugonga dari. Aidha, silinda iliyoshushwa imeshuka pamoja na matundu yake, hivyo hata saa ya moshi kutoka imebadilika. Anayeichomoa gasketi akafunga boliti bila kupima amebahatisha kwa mali ya mtu.

La tatu ni kuyachonga matundu yenyewe kwa jiwe dogo la kusagia. Hapa tunasema wazi kwamba hatuoni sababu ya mpasua mbao wa kawaida kufika huko. Chuma kilichosagwa hakirudi. Tundu likipanuliwa mno, au kingo zake zikaachwa na makali, ringi ya pistoni hujinasa humo na kukatika. Tena silinda ya msumeno si kama ile ya chuma ya bodaboda, ambayo ikilika huchongwa ikatiwa pistoni kubwa zaidi. Aghalabu ni ya aluminiamu iliyopakwa ndani tabaka jembamba la madini magumu. Tabaka hilo likichubuliwa, kinachobaki ni kununua silinda nyingine.

Je, mbio zote hizi ni za lazima? Katika historia ya chombo hiki, moja ya hatua kubwa kabisa haikutoka kwenye injini. Mwaka 1946, huko Oregon nchini Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Buford Cox alimtazama funza wa mende wa miti akikila kisiki. Minyororo ya wakati ule ilikuwa na meno yaliyoigwa kutoka msumeno wa mkono, yakikwaruza zaidi kuliko kukata, na kuyanoa ilikuwa taabu. Funza yule, kiumbe laini asiye na nguvu za kusimulia, alikuwa akipita ndani ya mti mgumu kwa kuvipeleka vijino vyake kushoto na kulia, na hakujali mkondo wa nyuzi za mti. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa mfano huo, moja la kushoto na moja la kulia, na mwaka uliofuata akaanza kuuuza. Minyororo mingi tunayoitumia leo ni wajukuu wa mnyororo ule. Subhana-Llah, Muumba aliweka somo hilo ndani ya kisiki, na ikambidi mtu ainame ndipo alione.

Basi kabla ya kumtuhumu injini kwa uvivu, tazama kinachomwagika chini. Mnyororo mkali hutoa vipande, na butu hutoa unga. Butu pia hulazimisha mtu kuukandamiza msumeno, injini ikachemka na mikono ikachoka, na wengi huja kwa fundi wakidai nguvu ilhali wanachokosa ni tupa. Tupa iwe ya duara, ya kipimo cha mnyororo wenyewe. Kwa mnyororo wa inchi 0.325 ni ya milimita 4.8. Kwa kukata gogo kukingama, pembe ya nyuzi 30 hufaa minyororo mingi. Kwa kulipasua kwa urefu ili kupata mbao, wengi hushusha hadi nyuzi 10, na mbao hutoka laini zaidi. Mbele ya kila jino kuna nundu ndogo inayoamua jino lizame kiasi gani. Inapaswa kuwa chini ya jino kwa kiasi cha milimita 0.65 katika minyororo mingi. Nundu isiposhushwa, jino kali huteleza juu ya mti. Ikishushwa kupita kiasi, msumeno hurukaruka, na huweza kumrudia mshikaji. Hili la kumrudia si dogo, maana pahali unaporudi ni usoni na begani.

Tuje kwenye swali linalozua ugomvi: injini ikifa baada ya kubadilishwa, nani analipa? Sheria ya Kiislamu ina maneno hapa. Msumeno wa kukodi ni amana mikononi mwa aliyeukodi. Ukiharibika kwa matumizi ya kawaida bila uzembe, hadaiwi. Lakini aliyeupanua ekzosi bila idhini ya mwenyewe amevuka mpaka, na dhamana imemwangukia, hata kama alikusudia heri. Kwa fundi, wanazuoni wametofautiana. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliwatoza mafundi dhamana ili mali za watu zihifadhike, na Imam Malik ameifuata njia hiyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, kauli yenye nguvu ni kuwa fundi hadaiwi bila uzembe wala kuvuka mpaka. Hata hivyo mwanafunzi wake, al-Rabi, amepokea kwamba Imam hakupenda kuitangaza rai hiyo, akichelea mafundi wabaya wasije wakaitumia. Ama anayejitia kazi asiyoijua, hukumu yake inajulikana kutokana na Hadithi ya Abu Daud juu ya mtu anayejifanya tabibu, kwamba yeye ni dhamini.

Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa: kitakachobadilishwa, kitakachopimwa, na pistoni itakuwa juu ya nani. Mwenye mali awepo, na ikiwa mali ni ya mume na mke basi wote wawili wawepo. Msumeno ungali mpya, ajue pia kwamba dhamana ya kiwanda kwa kawaida hufa pale injini inapofunguliwa. Na kazi ikiisha, wasiridhike kwa kelele. Wakate gogo lile lile, kwa mnyororo ule ule ulionolewa, wakihesabu sekunde kama walivyohesabu kabla.

Limebaki la masikio. Msumeno ambao haujaguswa hufikisha desibeli 100 na zaidi kwenye sikio la mshikaji. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini, desibeli 85 ni za saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda wa usalama hupungua nusu. Zikifika 100 muda huo ni robo saa. Ekzosi iliyopanuliwa huongeza juu ya hapo, na watoto wanaosimama kando kumtazama baba akikata hupata fungu lao. Vifuniko vizuri vya masikio hupunguza desibeli 20 au zaidi, na havizuii kuisikia injini: aliyevivaa bado ataitambua ile sauti ya kuguguna, na ataitambua pia ikitoweka.